Tamariski na mathenge kwenye mito ya jangwani: ukate, upake dawa, ulete wadudu au uachie mafuriko?

Swali huwa linakuja hivi: kuna mto unapita nchi kame, kingo zake zimejaa mti mgeni mpaka maji yenyewe huyaoni, kikundi kina hela kidogo na kinataka kuanza wiki ijayo, sasa kitumie nini, panga, eskaveta, dawa, wadudu au kiberiti? Na kila utakayemuuliza ana jibu lake na anakwambia hilo ndo rahisi kuliko yote. Mi nitazilinganisha hizo njia kwa miti miwili iliyosumbua sana mito ya aina hii, tamariski ya kusini magharibi mwa Marekani (usiichanganye na mkwaju, hawana undugu) na mathenge (Prosopis) ya Turkwel, Tana na Baringo huko Kenya, alafu nitasema wazi naegemea wapi. Ila nikuonye mapema, jibu langu linategemea mto wako kuliko kifaa chako.

Kwanza tuelewane kuhusu hii miti yenyewe, maana kuna watu wanaichukia kama vile ina roho mbaya. Tamariski ililetwa Marekani karne ya 19 kama mti wa urembo bustanini, baadaye ikapandwa kuzuia upepo na mmomonyoko. Mathenge ililetwa Kenya 1973 kurudishia kijani kwenye machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 80 ikasambazwa Baringo, Tana na kwingine kukame kwa nia nzuri kabisa, kuni, kivuli, chakula cha mifugo. Kilichofuata kila mtu anakijua, 2006 wakazi wa Baringo wakaishtaki serikali na wakapeleka mbuzi kibogoyo mahakamani kuonyesha maganda matamu yalivyomla meno, na 2008 ikatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu. Sasa cha kuchekesha, huko Arizona jamii ya mathenge ndo wenyeji, wanaofufua mito kule wanang'oa tamariski alafu wanapanda ndugu zake mathenge! Kwa hiyo mti sio mkosaji popote ulipo, shida ni pale ulipotua bila wanaoula na mto wenyewe ukawa umeshabadilishwa.

Na hapo kwenye mto kubadilishwa ndo pa kuanzia kabla hujanunua hata glavu. Miti ya asili ya kingo za mito ya jangwani, mipopla na mierebi kule, migunga na mpopla wa Tana huku, imezoea mafuriko. Mafuriko yanakwangua kingo, yanaacha tope jipya, mbegu zinatua, maji yanashuka polepole na mizizi ya mche inayafuata chini. Ukijenga bwawa juu, huo mchezo unaisha. Kwenye mto Colorado huko Marekani bwawa la Hoover lilikamilika 1936, la Glen Canyon likaanza kuzuia maji 1963, na Kenya la Turkwel likaja 1991, na kote huko mafuriko yalipungua na miche ya asili ikawa haba huku mgeni anajipandia tu, maana yeye hahitaji msimu maalum. Tamariski inamwaga mbegu karibu kiangazi chote, wakati mipopla inamwaga wiki chache tu za majira ya kuchipua, ikikosa tope lenye unyevu wiki hizo basi mpaka mwakani. Kwa hiyo jiulize, mto wangu bado unafurika? Kama ndiyo, kazi yako ni nusu. Kama hapana, ukishaondoa mgeni usitegemee mwenyeji atarudi mwenyewe, itabidi umpande kwa mikono yako, na hiyo inabadilisha hesabu ya kila njia hapa chini.

Haya, tuanze na panga na jembe dhidi ya eskaveta.

Panga peke yake ni kujichosha, nalisema bila aibu. Ukiikata mathenge au tamariski juu ya ardhi ukaondoka, kisiki kitakuchekea, ndani ya wiki chache kimetoa vichipukizi kumi mahali palipokuwa na shina moja na sasa una kichaka badala ya mti. Wengi wanadhani tatizo ni urefu wa mzizi, na kweli mzizi wa ndugu mmoja wa mathenge uliwahi kukutwa mgodini huko Arizona mita 53 chini ya ardhi, mita hamsini na tatu! Lakini huhitaji kuufuata huko. Vichipukizi vinatoka kwenye shingo, pale shina linapokutana na mzizi, na hiyo shingo iko sentimita kadhaa tu chini ya udongo. Kwa mti mdogo ukichimba pembeni ukaifikia shingo yote ukaikata chini yake, umemaliza kazi bila tone la dawa. Kwa miche ya mwaka mmoja au miwili hii ndo njia bora kuliko zote, mtu na jembe, baada ya mvua udongo ukiwa laini. Ila kwa mti wenye unene wa paja utatumia asubuhi nzima kwa mti mmoja, tena na ile miiba ya mathenge inayotoboa mpaka tairi, sandali ndo usiseme.

Eskaveta inafanya kwa siku moja kazi ambayo kikundi kingefanya msimu mzima. Kwenye hifadhi ya Bosque del Apache, pembeni ya Rio Grande huko New Mexico, walitumia tinga zenye jembe linalopita chini ya ardhi na kukata shingo za tamariski, wakakusanya kwa reki kubwa, wakachoma marundo, kisha wakarudisha maji na kupanda mipopla na mierebi. Na ilikubali. Lakini angalia walichokuwa nacho: uwanja tambarare, tamariski tupu bila mti wa asili wa kuukwepa katikati, na uwezo wa kumwagilia. Ukiipeleka mashine hiyohiyo kwenye ukingo mwembamba wenye migunga mitano ya zamani katikati ya mathenge, itaila yote, itashindilia udongo, na itakuachia ardhi uchi, na kwenye jangwa ardhi uchi haikai hivyo, gugu jingine litaingia kabla hujarudi na miche. Kwa hiyo mashine ni kwa msitu wa mgeni mtupu, mbali kidogo na ukingo, na uwe na mpango wa kupanda uliokamilika kabla tinga haijashushwa kwenye lori. Kabla, sio baada.

Sasa njia ninayoipenda mimi, kukata na kupaka dawa papo hapo. Nitakaa hapa kidogo maana ndo inayofanywa vibaya zaidi.

Wazo lenyewe ni rahisi. Unakata shina chini kabisa, karibu na udongo, unafuta unga wa mbao kwenye kisiki, unapaka dawa ya kuua magugu kwa brashi au chupa ya kupulizia, basi. Kwa tamariski wengi wanatumia triklopa, mara nyingi iliyochanganywa na mafuta. Ubaya uko kwenye vitu vidogo. Cha kwanza ni muda, kisiki kikikaa kinajifunga na dawa hainywewi, kwa hiyo ni dakika, sio "tukimaliza kukata tutarudi kupaka mchana". Aliyeshika chensoo na aliyeshika brashi wanatembea pamoja kama kumbikumbi na mbawa zake. Cha pili, huna haja ya kulowesha kisiki kizima, moyo wa mti umekufa zamani, kinachonywa ni ule utepe mwembamba chini ya gome, kwa hiyo paka mduara wa nje na ubavu mpaka kwenye udongo. Cha tatu ni rangi. Tia rangi kwenye dawa! Niliwahi kuona kikosi kimefanya kazi siku mbili bila rangi, visiki vyote vinafanana, hakuna anayejua kipi kimepakwa kipi bado, wakaishia kubishana na kupaka vingine mara mbili na vingine wakaviruka kabisa, na miezi miwili baadaye vile vilivyorukwa vilikuwa vinajitangaza vyenyewe kwa kijani. Cha nne, msimu. Ukipaka wakati mti unapeleka chakula chini kwenye mizizi, mwishoni mwa msimu wa kukua, dawa inashuka nacho. Ukipaka wakati unatoa majani mapya, kila kitu kinapanda juu na dawa inabaki hapo hapo.

Ukilinganisha na kupuliza dawa kutoka angani, hii ya brashi ni polepole na inataka watu wengi, lakini mgunga uliosimama nusu mita pembeni haujui hata kama kuna kitu kimetokea. Ya angani inamaliza kilomita kwa saa. Kwenye mto Pecos huko Texas walianza 1999 kupuliza imazapa kwa helikopta, na tamariski nyingi ilikufa kweli. Ila hiyo dawa haichagui, chochote chenye majani kinachopata kinaumia, na unabaki na maelfu ya miti mikavu imesimama kama viberiti kwenye boksi. Karibu na watu wanaochota maji mtoni mimi singeigusa. Hata ile ya brashi, soma lebo kama inaruhusiwa kando ya maji maana kuna michanganyiko hairuhusiwi, na usioshee brashi mtoni, tafadhali sana.

Pecos inanikumbusha jambo lingine ambalo lazima niliseme, maana linaharibu maamuzi ya watu wengi. Kwa miaka mingi tamariski moja ilisemwa inakunywa galoni 200 kwa siku, kama lita 757, na watu wakapewa hela za kuikata kwa ahadi kwamba mto utajaa. Haukujaa. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lilitoa tathmini 2010 likasema tamariski kwa ujumla inatumia maji yanayokaribiana na ya mipopla na mierebi, ile namba kubwa haikuwa na mguu wa kusimamia. Ukikata na kitu kingine kikaota pale, nacho kitakunywa. Kwa hiyo kama mfadhili au mzee wa kijiji anakuuliza "maji yataongezeka kiasi gani", usimdanganye. Fanya kwa ajili ya malisho, njia ya mifugo kufika mtoni, ndege, kivuli cha miti ya asili, kupunguza moto. Hizo sababu zinatosha, ya maji itakugeuka.

Wadudu. Hapa ndo kuna hadithi tamu na chungu kwa pamoja. Marekani walimleta mbawakawa kutoka Asia, Diorhabda, anayekula majani ya tamariski, wakaanza kumwachia huru 2001. Kwa bei ya kazi hakuna kinachomkaribia, haombi mafuta wala posho, anapita kwenye makorongo ambayo binadamu hawezi kushuka. Unakuta bonde zima limegeuka rangi ya kutu katikati ya kiangazi kama limechomwa, ukiligusa tawi mabuu yanakudondokea mkononi. Lakini mti haufi mwaka huo, unatoa majani tena, unaliwa tena, na baada ya miaka kadhaa ya kupigwa hivyo mingine inakufa na mingine inabaki imedhoofika tu.

Uchungu wake sasa. Kuna kandege kanakodaka wadudu hewani, jamii yake ya kusini magharibi iliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini 1995, na kwa sababu mierebi ilishapotea sehemu nyingi, kenyewe kakahamia kujenga viota kwenye tamariski. Wataalamu walisema yule mbawakawa hatafika kwa hao ndege, urefu wa mchana wa kusini utamchanganya atalala mapema na kufa. Mdudu hakusoma hiyo ripoti. Aliachiwa mto Virgin kusini mwa Utah 2006, akabadilika, akasogea kusini mwaka hadi mwaka, na anaila tamariski majani wakati vifaranga viko kwenye kiota, jua linawapiga moja kwa moja. 2010 wizara ya kilimo ikasitisha vibali vya kuwahamisha kutoka jimbo hadi jimbo, lakini mdudu haombi kibali. Hiyo ndo tofauti kubwa na panga, panga unaweza kuliweka chini.

Kwa mathenge habari ni tofauti. Afrika Kusini, kwa kuwa wafugaji walitaka kuendelea kutumia mti, walichagua mbawakawa wanaokula mbegu tu, kuanzia 1987. Wazo zuri, lakini mbuzi na ng'ombe wanayafikia maganda kabla ya mdudu, mbegu zinapita tumboni zikiwa nzima na kutoka na mbolea yake. Australia walienda mbali zaidi, wakaleta nondo mdogo anayeharibu majani 1998, kule Pilbara amepunguza kasi ya mti. Kikundi cha kijiji hakichagui njia hii hata hivyo, ni ya serikali na maabara na miaka ya majaribio. Ukisikia mtu anataka kukuletea wadudu kwenye chupa, mkimbie.

Moto nausema haraka, hapana. Tamariski ikiungua inachipua kutoka chini ndani ya wiki chache, mpopla uliokuwa pembeni unakufa, kwa hiyo umemsaidia mgeni. Moto ni wa kuchoma marundo yaliyokwisha kukatwa, siku isiyo na upepo, sio wa kuua mti uliosimama.

Alafu kuna ile inayopendwa sana na maofisa, "tuitumie ili iishe", yaani mkaa, kuni, maganda kusagwa kuwa chakula cha mifugo. Nusu yake naikubali kabisa. Kukusanya maganda na kuyasaga ni jambo la maana, mbegu zinasagwa nazo, na mbuzi anapata unga badala ya kusambaza miche, na mbegu ya mathenge ina ganda gumu, inaweza kulala ardhini miaka (ya tamariski inaishi wiki chache tu, huo ni unafuu mkubwa kwa wenzetu). Mkaa ndo unanipa wasiwasi. Mchoma mkaa anataka shina nene, anaacha kichaka chembamba kwa sababu hakilipi, na kisiki anakiacha kichipue kwa sababu ndo mkaa wa kesho. Kwa biashara yake yuko sahihi, kwa mto hapana. Na mkaa ukishakuwa mweusi ndani ya gunia nani atajua kama ulikuwa mathenge au mgunga? Ukichagua njia hii basi makubaliano yawe kwamba anayekata anachimba shingo au kisiki kinapakwa siku hiyohiyo, bila hivyo unalima mathenge, huiondoi.

Ya mwisho ni maji yenyewe, na kama unayo nafasi hii usiichezee. Kwenye mto Bill Williams huko Arizona bwawa la Alamo linaachia maji kwa mpangilio unaofanana na mafuriko, na imeonekana miche midogo ya tamariski inang'olewa na mafuriko kuliko ya mierebi inayojikunja na kubaki. Mwaka 2014, kuanzia Machi 23, Marekani na Mexico waliachia kama mita za ujazo milioni 130 kwenye delta ya Colorado iliyokuwa imekauka, maji yakashuka kidogokidogo kwa wiki kadhaa, na pale Laguna Grande ambako walikuwa wameshasafisha tamariski na kupanda, mipopla na mierebi ilishika vizuri. Kwingine ambako hapakusafishwa, maji yalimwagilia na wageni pia. Ndo maana mi sioni mafuriko kama mshindani wa panga, ni mwenzake, mmoja anasafisha mwingine anapanda. Tatizo ni kwamba bomba la bwawa halishikwi na kikundi chako, ni barua na mikutano na subira.

Kwa hiyo nani achague nini? Kama kingo zako bado zina miti ya asili hata kwa uchache, kata na upake, anza pale ilipo mingi na usogee kuelekea pabaya, wengi wanafanya kinyume kwa sababu pabaya ndo panapopigwa picha. Kama ni mathenge tupu kwenye tambarare na una maji ya kumwagilia, ita mashine. Kama ni korongo la kilomita mia lisilofikika na mdudu ameshafika mwenyewe, mwache afanye, wewe nenda ukapande mierebi mahali ndege watahamia. Kama huna uhakika wa kurudi miaka mitatu mfululizo, punguza eneo mpaka uwe nao, nusu kilomita iliyorudiwa ni bora kuliko kilomita tano zilizochipua. Na kabla ya yote uliza ukingo ni wa nani, Turkana kwa mfano familia zina haki zao za miti ya kando ya mto, wanaita ekwar, maganda ya mgunga fulani yana mwenyewe tangu babu, ukiingia na chensoo bila kumuona huyo mwenyewe kazi itaisha siku ya kwanza na sio kwa sababu ya miiba.

Kupanda nako kusikuchanganye. Mipopla na mierebi inashika kwa fito, unakata fito ndefu ya mti hai, unachimba shimo jembamba mpaka udongo wenye unyevu wa kudumu, unaichomeka mpaka mguu wake ufike hapo. Isipofika imekufa, kumwagilia juu juu hakutaiokoa. Mgunga nenda na miche au mbegu, na uizungushie miiba ya mathenge uliyoikata, mbuzi hapiti hapo. Alafu usikate yote mara moja. Kata vipande, ruka kipande kingine ukiache kimesimama hata kama kinakukera macho, na usikiguse msimu wa kutaga, hao ndege wanahitaji pa kukaa mpaka fito zako zifike urefu wa watu wawili, na hapo ndo unarudi na chensoo, brashi, na ile dawa yenye rangi.